Kumchukua mbwa au paka kituoni: kuanzia kikao cha nyumbani hadi chanjo ya mwaka wa pili

Jumamosi ndiyo siku ya wageni, na swali lao la kwanza huwa lile lile: "Anauma?" Anayetafuta mlinzi hutamani jibu liwe ndiyo. Aliyekuja na watoto hutamani liwe hapana. Sisi tunaojitolea katika kituo hiki cha wanyama, nje kidogo ya mji wa Arusha, tumezoea kumjibu kwa swali: nyumbani mko wangapi, na nani kati yenu hajui kwamba leo umekuja huku?

Wengine hucheka. Baba mmoja alicheka, akasema mkewe "atazoea tu". Siku ya nne mbwa alirudi kwa bajaji, na aliyemleta alikuwa huyo mke.

Nimewapokea waliorudishwa wengi kiasi cha kujua kwamba sababu inayotajwa getini mara nyingi siyo yenyewe. Getini utasikia mbwa anabweka sana, paka anachafua, watoto wanamwogopa. Ukiketi nao kwenye benchi, ukawapa maji ya kunywa, ndipo unasikia kwamba kuna mtu hakuulizwa. Mwenye nyumba. Bibi aliyehamia kutoka kijijini. Dada wa kazi, ambaye ndiye angempikia mbwa na kuzoa kinyesi chake kila asubuhi. Mlinzi wa usiku aliyewahi kung'atwa akiwa mtoto. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani kwako, na safari ya kuja kituoni inafuata baadaye.

Kituo kinafanya nini hasa

Watu wengi hudhani kituo ni duka la mbwa wa bei rahisi, au jalala la mbwa waliochokwa. Ukijua siku yetu inavyokwenda, utaelewa kwa nini tunakuuliza maswali mengi.

Wanyama wanatufikia kwa njia ambazo unaweza kuzikisia: watoto wa mbwa ndani ya boksi karibu na soko, mbwa aliyegongwa barabarani, paka aliyeachwa wakati wapangaji wanahama. Kila mgeni hutengwa siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuchanganywa na wenzake. Usafi wa asubuhi nao una mpangilio usiopinduliwa: tunaanza kwa watoto wa mbwa wenye afya, tunaingia kwa wakubwa, tunamalizia karantini. Ukianza kinyume, viatu vyako vinawapelekea watoto parvo. Hivi ni virusi vinavyowafanya watapike na kuhara damu, na vinaweza kumuua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache. Sabuni ya kawaida haiviui. Kwenye sakafu ya saruji tunaondoa uchafu wote, kisha tunapitisha blichi, sehemu moja kwa 30 za maji, na kuiacha dakika kumi. Kwenye udongo hata blichi haifui dafu. Virusi hukaa humo kwa miezi, wakati mwingine hata mwaka.

Hili linakuhusu moja kwa moja. Kama kwenu alikufa mbwa mdogo mwaka huu kwa kuhara damu, tuambie. Hatutakunyima mnyama, ila tutakupa mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo badala ya mtoto ambaye uwanja wenu utamuua.

Baada ya karantini ndipo huja chanjo, dawa ya minyoo na upasuaji wa kuzuia uzazi: dume huhasiwa, jike hufungwa kizazi. Hapa ndipo tunapobishana zaidi na wageni, hasa wazee wanaoona tunamdhulumu mnyama. Hesabu yenyewe ni hii. Mbwa jike huingia kwenye joto karibu mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba siku 63 hivi. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na akashika nyingine kabla watoto wa kwanza hawajaacha kunyonya. Hakuna kituo duniani kinachoweza kushindana na kasi hiyo kwa kujenga mabanda. Ukimwona paka wa mtaani mwenye ncha ya sikio moja iliyokatwa sawasawa kama kwa mkasi, usidhani ni ukatili: ni alama kwamba alikamatwa, akafungwa uzazi, akarudishwa kwao.

Kwa miaka mingi dawa ya mbwa wazururaji katika miji yetu ilikuwa sumu na risasi. Haikumaliza mbwa, na haikumaliza kichaa cha mbwa. Kinachokimaliza ni chanjo: Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba kampeni za chanjo ziliwahi kuufuta kabisa. Ukarudi mwaka 2016, mbwa wakachanjwa tena, ukafutwa tena. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa ukiwauliza watu kumi mtaani, tisa watakuambia hawajaisikia.

Kama huishi upande wetu, vipo vyama vingine vya kutetea wanyama: Dar es Salaam kuna TAWESO, Zanzibar kuna ZAASO, na Nairobi kuna KSPCA, chama kilichoanza mwaka 1910. Taratibu hutofautiana kidogo, lakini maswali utakayoulizwa yanafanana.

Kikao cha nyumbani

Kifanye jioni, watu wote wakiwepo, kabla hujaona picha ya mnyama yeyote. Picha huharibu kikao. Mtoto akishaona macho ya mbwa kwenye simu, hakuna mtu mzima atakayesema anachofikiri.

Anza na mwenye nyumba kama umepanga. Ruhusa ya mdomo huyeyuka siku mbwa anapochimba bustani. Pata hata ujumbe wa simu unaoweza kuuonyesha. Kama mnaishi nyumba ya uani yenye wapangaji wengi, uwanja ni wa wote na kikao ni cha wote. Jirani anayefuga kuku ana haki ya kujua anakuja nani.

Suala la dini lizungumzwe wazi, bila kuoneana haya. Katika nyumba nyingi za Waislamu mbwa hafugwi ndani, na mate yake ni najisi. Hilo halimzuii mtu kufuga mbwa wa ulinzi: familia tulizowapa hutenga vyombo vyake, banda lake huliweka mbali na mahali pa kuswalia, na hupanga nani atamhudumia. Tatizo huzuka pale kijana anapomleta mbwa na kutarajia mama yake abadilike. Paka hana shida hiyo, na ukitembea Mji Mkongwe au Lamu utaona paka wanavyotembea kama wenye mji.

Halafu ulizaneni maswali ya kazi. Nani atampa chakula asubuhi? Nani atazoa kinyesi? Kama majibu yote mawili ni "dada", basi dada aulizwe akiwa amekaa kitini kama wengine, na kama kazi inaongezeka, na mshahara uzungumzwe. Nimeona mbwa akiishi vizuri sana na dada aliyempenda, na nimeona mwingine aliyekuwa akifunguliwa geti kwa makusudi kila siku mpaka akapotea.

Swali la mwisho ni la Desemba. Mwezi huo nusu ya mji inapanda Moshi, nyumba zinafungwa, na mbwa anaachiwa sufuria la ugali na ahadi ya jirani. Januari ndiyo tunapokea simu. Amueni leo nani atabaki na mnyama, mwaka huu na miaka inayofuata, kwa sababu mbwa huishi miaka kumi na zaidi, na paka wa nyumbani hufika hata kumi na tano. Mtoto wako wa darasa la tatu atakuwa amemaliza kidato cha nne.

Geti, uzio na banda

Lala kifudifudi uangalie uvungu wa geti lako. Sisemi kwa utani. Mtoto wa mbwa hupita mahali ambapo mkono wako unapita kwa shida, na mtu aliyesimama hapaoni. Zunguka uzio wote. Michongoma inaonekana imara kutoka mbali, lakini chini huwa na matundu. Yazibe kwa seng'enge au mawe.

Banda liwe na paa, kivuli cha mchana, na sakafu iliyoinuliwa kidogo ili mvua za masika zisimlaze kwenye matope. Ukubwa wa kutosha ni ule anaoweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Banda ni pa kulala na kupumzikia, siyo gereza la saa kumi na mbili.

Mnyororo wa kudumu hatuukubali, na mtu akituambia ndio mpango wake tunamrudisha mikono mitupu. Wengi huamini mbwa akifungwa mchana kutwa anakuwa mkali. Ni kweli, anakuwa mkali, ila ukali wenyewe hauchagui: anamng'ata mtoto wa nyumbani anayempitia karibu, na usiku akifunguliwa hana habari na mwizi, anataka kukimbia tu. Mbwa anayelinda vizuri ni yule anayejua wenyeji wake na mipaka ya uwanja wake, akapiga kelele mgeni anapogusa geti. Kubweka kwatosha. Kazi iliyobaki inafanywa na kibao cha MBWA MKALI, ambacho nimekiona kwenye mageti ya mbwa wapole kuliko kondoo.

Pesa

Kituo kitakuomba mchango. Ukiona ni mkubwa, nenda kwa daktari wa mifugo ukaulize bei ya kumfunga jike kizazi peke yake, kisha urudi tuongee. Gharama halisi zinakuja baadaye: chakula cha kila siku, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, dawa ya kupe, chanjo ya kila mwaka, na akiba ya dharura. Hiyo ya dharura ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayomuua mnyama siku akigongwa na bodaboda.

Siku ya kuchagua

Njoo na familia, na kama una mbwa nyumbani mlete pia, wakutane huku kwetu ambako hakuna mwenye uwanja. Panga kukaa saa nzima au zaidi.

Wageni hutafuta "mbwa wa kizungu". Mbwa wa kienyeji, yule tunayemwita koko, wanampita bila kumtazama. Huyo huyo amezoea jua letu, na manyoya yake mafupi hayamtesi. Wanyama weusi nao hukaa kituoni muda mrefu kuliko wenzao, hasa paka, kwa sababu ya habari za uchawi. Sina la kukuambia juu ya uchawi. Ninachojua ni kwamba paka mweusi hukamata panya kama paka mwingine yeyote.

Usimchague aliyeruka wa kwanza kwenye wavu kwa kuwa "amenipenda". Anaweza kuwa amekupenda, au ana njaa ya kutoka tu. Omba kutembea naye nje ya banda kwa kamba, mbali na kelele za wenzake. Mwite, mguse mgongoni, angalia anafanya nini mtoto akikimbia karibu. Mwoga aliyejikunyata pembeni anaweza kuwa mbwa mzuri sana kwa mtu mmoja mtulivu, na balaa kwa nyumba yenye watoto watano. Waulize wanaomlisha kila siku. Wanamjua kuliko daktari, na kuliko mimi.

Watoto wa mbwa hatutoi kabla ya wiki nane. Mtu akikuuzia barabarani mtoto wa wiki tano, anakuuzia mtoto ambaye hajafundishwa na mama yake na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma. Na kama ni mara yako ya kwanza kufuga, fikiria mbwa wa miaka miwili mitatu: tabia zake zinajulikana, hahitaji kulishwa mara nne kwa siku, na hatakula viatu vyako vyote.

Kwa paka, kama nyumbani kwenu hakuna mtu mchana, chukua wawili waliokua pamoja. Watachoshana wao kwa wao badala ya kukuchosha wewe.

Fomu na ugeni wa ukaguzi

Utajaza fomu, utaacha nakala ya kitambulisho, na mmoja wetu atakuja kwako kabla ya mnyama kuondoka. Usipike wala usipange viti. Anakuja kuangalia uzio, mahali pa kulala mnyama, na kusalimiana na wale waliokaa kwenye kikao. Ataanza na shikamoo kwa bibi, na katika mazungumzo ya kawaida kabisa atamuuliza: "Bibi, huyu mbwa anayekuja unamwonaje?" Jibu la bibi lina uzito kuliko fomu nzima.

Mkataba soma wote. Una mambo matatu ya maana. Mnyama akishindikana anarudi kituoni, hapewi mtu mwingine kimya kimya. Kama alikuwa mdogo mno kufungwa uzazi, utamrudisha kwa upasuaji tarehe iliyoandikwa. Na tunaweza kukupigia simu au kukutembelea baadaye. Hakikisha umepewa kadi ya chanjo yenye tarehe na stempu au sahihi ya daktari, na upige picha kadi hiyo pale pale, kwa sababu kadi hupotea.

Safari ya kwenda nyumbani

Asile kwa saa tatu au nne kabla ya safari, asije akatapika. Mbwa apande gari au bajaji akiwa na mkanda wa shingoni unaopitisha vidole viwili, na kamba ishikwe na mtu mzima. Paka abebwe kwenye kizimba au tenga la kuku lililofunikwa kwa khanga. Akiwa gizani hutulia. Asiwekwe kwenye kiroba, na bodaboda hapana kabisa. Paka aliyeshtushwa na honi huchana nguo na ngozi, na ukimwachia katikati ya barabara ya Moshi humpati tena.

Ukifika, funga geti kwanza. Kisha fungua mlango wa gari. Wanyama wengi wanaopotea hupotea katika hizo nusu dakika.

Siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu

Watu wa vituo hupenda kuhesabu hivi: siku tatu za kupigwa na butwaa, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu mpaka ajione wa hapo. Siyo sheria, lakini inasaidia kutokata tamaa mapema.

Siku tatu za kwanza mbwa anaweza kugoma kula, kujificha, au kulala kupita kiasi. Mwacheni. Majirani wasije kumtazama, watoto wasimkumbatie, na asiogeshwe. Najua ananuka. Mwogesheni wiki ijayo. Mwonyeshe sehemu tatu tu: maji yalipo, pa kulala, pa kujisaidia. Mtoe nje kwa kamba kila akiamka na kila akimaliza kula, hata kama uwanja una uzio, na akijisaidia mahali sahihi msifu hapo hapo. Akichafua ndani, safisha kimya. Kumsugua pua kwenye mkojo, kama tulivyofundishwa na wakubwa zetu, kunamfundisha kujisaidia kwa kujificha nyuma ya kochi.

Paka aanzie chumba kimoja chenye beseni la mchanga, maji, chakula kilicho mbali na beseni, na mahali pa kujificha; boksi linatosha. Mchanga wa kawaida uliokauka unafaa, mradi kinyesi kitolewe kila siku. Akianza kujisugua kwenye miguu yako na kula mbele yako, mfungulie nyumba kidogo kidogo. Nje asitoke kwa wiki tatu hivi, la sivyo atajaribu kurudi alikotoka.

Wiki ya pili na ya tatu ndipo tabia halisi hutokea, na ndipo simu nyingi huja. "Mlisema ni mpole, mbona ananguruma akiwa anakula?" Kwa sababu alikuwa akigombania chakula na wenzake sita. Asisogelewe akila, kila mnyama awe na bakuli lake, na mtoto wa nyumbani aelezwe kwamba mbwa anayekula ni kama mtu aliye chooni: anaachwa amalize.

Chakula

Chakula cha dukani ni kizuri kama mfuko unaruhusu. Wengi tunapika. Ugali wa dona na dagaa au pafu la ng'ombe kutoka buchani, pamoja na mboga kidogo kama karoti au boga, humtosha mbwa mkubwa akila mara mbili kwa siku. Mtoto ale mara tatu au nne, mpaka miezi minne hivi. Dagaa wenye chumvi waroweke na kumwaga maji. Badilisha chakula polepole kwa wiki nzima, ukianza na kile alichokuwa akila kituoni, la sivyo ataharisha na utadhani anaumwa.

Tatizo letu kubwa ni makombo. Pilau, mchuzi na rosti zetu zimejaa vitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya mbwa na paka. Kitunguu saumu vivyo hivyo. Chokoleti na zabibu ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Ule mfupa wa Krismasi unaorushwa kwa mapenzi hupeleka mbwa wengi kwa daktari.

Paka haishi kwa ugali na maziwa, hata kama bibi alimfuga hivyo. Mwili wake unadai nyama au samaki kila siku. Yule wa bibi alikuwa akijazia kwa panya na mijusi bila kumuuliza mtu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi, mpe maji.

Chanjo, kupe na dawa za kabatini

Chanjo ya mchanganyiko, inayozuia parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa), huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto afike wiki 16. Kabla ya hapo asitembezwe barabarani wala sokoni. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kwa mbwa na kwa paka, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, na karibu na siku hiyo halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei nafuu; sikiliza matangazo ya mtaa.

Hili la kichaa cha mbwa lazima nilikalie kidogo. Dunia nzima linaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kuumwa na dalili kuna muda, na katika muda huo unaokoka ukifanya haya: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo, na umalize dozi zote ulizopangiwa. Usipake pilipili, mafuta ya taa, wala majani. Mbwa aliyeuma, kama anajulikana, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa siku kumi na daktari wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza alipouma.

Kupe ndio adui wa kila siku. Huleta magonjwa ya damu, na dalili ni mbwa kuzubaa, kukataa kula, fizi kuwa nyeupe, mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chai. Hizo ni dalili za kukimbilia daktari leo. Mkague kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Dawa ya josho la ng'ombe watu huitumia kwa kukisia kipimo. Usikisie, pata kipimo cha mbwa kutoka kwa daktari. Kwa paka usiitumie kabisa. Pia matone ya kupe ya mbwa yenye permethrini humuua paka, na muuzaji wa duka la dawa za mifugo hakuulizi una mnyama gani, hivyo sema mwenyewe.

Na parasetamoli. Kidonge kimoja unachomeza wewe kichwa kikiuma kinatosha kumuua paka. Nilimwona mmoja aliyepewa nusu kwa huruma, kwa sababu alikuwa na homa. Fizi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Hakufika jioni.

Upasuaji wa uzazi ukifanyika mkiwa naye, fuata muda wa kufunga kula aliokuambia daktari, kwa kawaida usiku wa kuamkia siku hiyo. Baadaye mzuie kulamba mshono kwa siku kumi hadi kumi na nne. Fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ikipita kwenye mikono, husaidia sana.

Akipotea

Usisubiri "atarudi akisikia njaa". Mtafute usiku na alfajiri, mji ukiwa kimya, ukimwita kwa sauti ya kawaida. Waambie walinzi wa usiku, vijana wa bodaboda na mama ntilie wa jirani. Hao wanaona kila kinachopita. Tuma picha kwenye kundi la simu la mtaa, na utupigie, kwa sababu watu wakiokota mnyama hutuletea. Paka aliyepotea siku za kwanza mara nyingi hayuko mbali: angalia darini, mferejini, chini ya magari, na stoo ya jirani iliyofungwa jana.

Kama huwezi kumchukua

Lea kwa muda. Watoto wa paka wasio na mama wanahitaji nyumba kwa wiki chache tu, nasi tunatoa maziwa na dawa. Au leta vitu vinavyokwisha kila wiki: magazeti ya zamani, taulo na blanketi kuukuu, sabuni, blichi, mchele wa chenga. Unachoombwa usilete ni kiroba cha watoto wa mbwa kilichotundikwa kwenye geti letu usiku. Piga hodi mchana. Hakuna atakayekufokea.

Kama imeshindikana

Hutokea. Mtu anahamishwa kikazi, mtoto anapata pumu, mbwa na bibi wanashindwa kuelewana hata baada ya miezi mitatu. Tupigie mapema, ukiwa bado na subira, maana wakati mwingine tatizo linaisha kwa mmoja wetu kuja kukaa nanyi alasiri moja. Kama halikuisha, mlete mwenyewe, usimtume dereva wa bajaji. Tuambie ukweli wote, pamoja na yale unayoona aibu kuyasema: kama aling'ata, alimng'ata nani, na nini kilitokea kabla. Familia itakayomchukua baadaye ina watoto pia.

Njoo na kadi yake ya chanjo, chakula alichozoea cha siku mbili tatu, na lile blanketi analolalia, bila kulifua.